Jinsi ya kumlea mwanafunzi wa digrii ya kwanza kwenye maabara ya seli shina

Wadau mlioko Marekani mnaopewa wanafunzi wa digrii ya kwanza muwafundishe kazi ya maabara, hii ni yenu. Tunasema tunataka vijana wa kila aina kwenye tiba ya seli shina (seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine), weusi, Walatino, watoto wa wahamiaji, wale wa kwanza kwao kufika chuo, halafu tunawaambia waje kujitolea bure.

Kwa hiyo anza na hela. Seli za iPS, yaani seli za kawaida za mwili zilizorudishwa kuwa seli shina, zile mtafiti Shinya Yamanaka alizopata kwa panya 2006 na kwa binadamu 2007, hazijui wikendi, zinabadilishiwa chakula karibu kila siku na Jumapili imo, sasa kijana anayepiga shifti supamaketi Jumamosi na Jumapili ili alipe kodi ya nyumba atazilisha saa ngapi? Hatakwambia, ataanza kuchelewa, ataacha kuja, na wewe utasema hana bidii. Mi nilishasema ivo kuhusu mtu na mpaka leo inaniuma. California wana mfano mzuri: CIRM, taasisi ya jimbo ya utafiti wa seli shina iliyotokana na kura ya 2004 iliyotenga dola bilioni 3, ilianzisha mpango wa Bridges 2009, wanafunzi wa vyuo kama San Francisco State na Cal State Fullerton wanaenda kukaa miezi kwenye maabara kubwa na wanalipwa posho. Kura ya 2020 ikaongeza bilioni 5.5, baadae ukaja mpango mwingine, COMPASS, kwa ajili ya digrii ya kwanza. Kama chuo chako hakina kitu kama hicho, weka posho kwenye bajeti unapoomba ruzuku, na zamu za wikendi zigawe kwa watu wote, wewe ukiwemo.

Pili mikono. Usimpe seli za iPS siku ya kwanza, ni ghali na akiziua atajiona hafai. Wiki ya kwanza apime maji kwa pipeti juu ya mzani, mikrolita 100 lazima zisome gramu 0.1, arudie mpaka namba zitulie. Kisha mpe seli ngumu kufa, kwa mfano HEK293, seli za figo ya binadamu zinazokuzwa maabara, azikuze mwezi mzima kwenye nyuzi 37 na kaboni dioksidi asilimia 5, bila antibiotiki, maana antibiotiki zinaficha uchafu wa mkono wake na hatajua anakosea wapi. Apime mwenyewe maikoplazma, bakteria wadogo wanaochafua seli bila kuonekana. Hapo ndo ahamie iPS, na lengo zuri la kwanza ni kuzigeuza seli za moyo, kwa sababu ndani ya wiki mbili hivi anaziona zinadunda kwenye darubini, na aliyeona hiyo hasahau, kweli.

Halafu mkutanishe na ugonjwa wenyewe. Desemba 2023 Marekani iliidhinisha Casgevy kwa sikoseli, yaani seli shina za damu za mgonjwa zinatolewa, zinahaririwa kwa CRISPR, mbinu ya kukata na kubadilisha DNA, zinarudishwa, ila kabla ya hapo anapigwa dawa kali za kemo (kemotherapi) zinazoweza kumharibia uzazi, na bei yake ni dola milioni 2.2. Mpe kijana hilo alisome aseme angemuuliza nini daktari. Aliyekua na dada mwenye sikoseli atauliza nani atalea watoto mama akilazwa wiki kadhaa, swali ambalo wengine mezani hawakulifikiria kabisa, na mtu wa namna hiyo ndo tunamtaka.

Usimlazimishe PhD. Mwambie mapema kuna kazi za kutengeneza seli kwenye vyumba safi, kukagua ubora, kuwaongoza wagonjwa kwenye majaribio ya tiba, na umtafutie mtu anayeifanya wakae naye nusu saa.

Barua ya kumpendekeza iandike wiki anayoondoka, ukiwa bado unakumbuka alirekebisha nini na lini.