Jinsi ya kuanzisha mazoezi ya impruvu mtaani kwenu, hatua kwa hatua

Watu wengi wakisikia impruvu wanadhani lazima uwe mchekeshaji kwanza, hapana jamani. Impruvu ni kuigiza bila skripti, mnapanda jukwaani hamjui mtasema nini, mtazamaji anatoa neno moja na hapo hapo mnaanza kujenga sini, yaani kipande kifupi cha igizo. Mimi naongoza mazoezi haya hapa Dar na wanaodumu kwenye kundi sio wale wenye maneno mengi mdomoni, ni wale wanaosikiliza, kwa hiyo hatua zote hapa chini nimezipanga hivyo: kwanza mtu ajifunze kumsikiliza mwenzake na kumbeba, kicheko kitakuja chenyewe.

Na msiogope kwamba ni kitu kigeni. Vikundi vya Dar vya miaka ya 1990 kama Muungano na TOT (Tanzania One Theatre) vilikuwa vinaigiza bila skripti iliyoandikwa, wanakubaliana kisa kinaendaje halafu maneno yanazaliwa jukwaani, na Bongo muvi nyingi zimetengenezwa hivyo hivyo. Nairobi wapo Because You Said So wanaofanya impruvu yenyewe kabisa mbele ya watu. Ila michezo tunayotumia kwenye mazoezi, mingi ni ya Viola Spolin wa Chicago, mama aliyejifunza kwa mwalimu wa michezo Neva Boyd pale Hull House, kituo cha huduma za jamii huko huko Chicago, miaka ya 1920, kisha mwishoni mwa miaka ya 1930 akawa anafundisha maigizo watoto wa wahamiaji, akaona ukimwelezea mtoto namna ya kuigiza anaganda lakini ukimpa mchezo anaigiza bila kujua. Mwanae Paul Sills ni mmoja wa walioanzisha The Second City, ukumbi na kundi la vichekesho la Chicago, mwaka 1959, huko ndiko impruvu ilikopata jina kubwa.

Hatua ya 1: Watu na mahali

Watu 8 mpaka 12 wanatosha, wakizidi hapo wengine wanakaa sana bila kucheza. Darasa la shule Jumamosi, baraza la nyumba, popote penye sakafu safi na pasipo kelele za muziki. Tengeni muda wa saa mbili.

Kabla ya kucheza kubalianeni mambo machache. Moja, hakuna kumshika mtu bila kujua kama yuko sawa na hilo. Mbili, mtu yeyote akisema "simama" mchezo unasimama, haulizwi kwa nini. Tatu ni utani, na hapa naomba msipite haraka: sisi tumezoea utani wa makabila, Mnyamwezi na Mzaramo wanaweza kutaniana hata msibani na hakuna anayenuna, lakini kwenye kundi lako sio kila mtu ni mtani wa mwenzake. Kabila, dini na maumbile ya mtu viwekeni pembeni mpaka mzoeane vizuri. Nimeona kundi zima linapoa kwa sababu ya mstari mmoja tu uliomgusa mtu mwili wake.

Hatua ya 2: Kuchangamka

Simameni duara. Wa kwanza anamnyooshea mwenzake mkono anasema "chapati", huyo anamrushia mwingine "maandazi", anayefuata "vitumbua", halafu mnarudi chapati, haraka haraka, macho kwa macho. Mtu atakosea, lazima. Akikosea wote mnainua mikono juu mnapiga kelele "tenaaa!" kwa furaha. Hii niliichukua kwa Keith Johnstone, mwalimu Mwingereza aliyehamia Calgary, Kanada, aliyekuwa anataka mwanafunzi akikosea abaki na uso wa furaha badala ya kujikunyata. Inafanya kazi aisee. Sisi tumekulia kwenye madarasa ambayo ukikosa jibu unasimamishwa, na mwili bado unakumbuka, utamwona mtu mzima ana kazi nzuri anakosea "maandazi" mabega yanashuka kabisa. Rudieni mpaka mabega yaache kushuka.

Hatua ya 3: Kioo

Wawili wawili, mmoja anatembeza mikono polepole, mwingine anamfuata kama kioo. Mnabadilishana. Mwisho mwambie kila pea, sasa hakuna anayeongoza, fuataneni. Dakika tano tu.

Hatua ya 4: Hadithi ya neno moja moja

Paukwa! Pakawa! Halafu duara zima linatunga hadithi, kila mtu neno moja. Kwa Kiswahili mchezo huu mtamu kupita kiasi kwa sababu ya ngeli, mtu akisema "kiti" ameshawafunga wanaofuata, lazima waje na "changu" na "kimevunjika", ukileta "imevunjika" kila mtu anajua akili ilikuwa mbali. Halafu neno letu moja linabeba mengi, mtu anasema tu "akamkimbiza" na hadithi imeruka hatua tatu. Utakayemwona anakwama ni yule aliyekuwa ameshaandaa neno lake tangu watu wanne nyuma. Mwambie taratibu aachane nalo, asikilize la jirani yake.

Hatua ya 5: Ndiyo, tena

Hapa ndipo moyo wa impruvu ulipo. Chochote mwenzako anachosema jukwaani ni ofa. Unaipokea, halafu unaongeza. Mfano mmoja anaanza:

"Mama Asha, mbuzi wako kaingia kwangu tena."

Ukijibu "mimi sina mbuzi" sini imekufa, mwenzako amebaki ananing'inia peke yake. Sasa pokea:

"Nisamehe jirani, na leo nimemvalisha kanzu kabisa."

"Ndio maana! Kaketi sebuleni na wageni waliokuja kumposa binti yangu."

"Wale sio wageni jirani, wale ndio washenga wake."

Mistari minne na tayari tuna mbuzi anayeposa, na hakuna hata mmoja aliyepanga. Ila watu wanaelewa vibaya hapa, kupokea ofa haimaanishi mhusika wako akubali kila kitu. Jirani anaweza kukataa posa kwa ukali wote, agome, apandishe mahari, sawa tu, lakini mbuzi yupo, kanzu ipo, na washenga wapo. Na punguzeni maswali, ukiuliza "wewe nani? tuko wapi?" umemtwisha mwenzako kazi yote. Spolin alifundisha vitu vitatu, nani, wapi, nini, vitoeni mapema kwenye mistari ya kwanza.

Hatua ya 6: Hadhi na shikamoo

Hatua ninayoipenda kuliko zote. Johnstone alipokuwa akifundisha kwenye ukumbi wa maigizo wa Royal Court, London, aliona maongezi jukwaani yanakuwa ya kweli pale mtu mmoja anapojiweka juu kidogo au chini kidogo ya mwenzake. Sisi tunalo hilo kila asubuhi mdomoni. Chukua sini hii: bosi kijana wa miaka 25 anafika getini na gari jipya, mlinzi ni mzee wa miaka 60. Nani anamwamkia nani? Mwache mlinzi achelewe kuitika "marahaba", sekunde mbili tu, uone bosi anavyoshuka bila mtu kumtukana. Halafu geuza, bosi asalimie "mambo mzee", utasikia chumba kizima kinavuta pumzi. Mwelekeze mwigizaji wa juu aongee kichwa kikiwa kimetulia, wa chini ajiguse guse uso. Msibadilishe maneno, badilisheni hadhi tu, rudieni sini ile ile mara tatu.

Hatua ya 7: Sini za kwanza

Wawili mbele, wengine watazamaji. Usiulize "nipeni sehemu yoyote" maana watakujibu chooni kila siku. Uliza sehemu uliyosubiri sana wiki hii, utapata kituo cha daladala, saluni, ofisi ya mtendaji, vitu vyenye watu ndani yake. Sini ikifika dakika tatu, au kicheko kikiwa juu, mmoja wa waliokaa anakatiza mbele kwa kukimbia, imeisha, wanaingia wengine. Kukata ni kumsaidia mwenzako atoke akiwa mzuri, kwa hiyo usisubiri mpaka sini ianze kuchoka.

Hatua ya 8: Chai

Msitawanyike. Kaeni, nunueni chai na mihogo kwa mchango, kila mtu ataje kitu kimoja ambacho mwenzake alikifanya kikamsaidia. Cha mwenzake, sio chake. Hapo ndipo kundi linazaliwa kwa kweli, mwanafunzi wa chuo, fundi simu na mama wa watoto watatu wanakuwa watu wa kupigiana simu mtu akiuguliwa.

Mkiwa tayari kwa watu na hamna ukumbi, fanyeni darasa la wazi. Johnstone na kundi lake walifanya hivyo London miaka ya 1960, maana mpaka mwaka 1968 sheria ya Uingereza ilitaka skripti ya kila mchezo wa kuigiza ikaguliwe kwanza, na impruvu haina skripti, basi wakaonyesha kama mafunzo. Kiingilio msiweke mara ya kwanza. Viti vipangeni karibu karibu, watu wakikaa mbali mbali kicheko hakisambai.