Bustani ya matunda na mboga wakati wa baridi

Mitufaha na mipea hupogolewa majani yakishapukutika yote na kabla macho (vichipukizi) hayajaanza kuvimba. Ondoa kwanza matawi yaliyokufa na yenye ugonjwa, kisha yanayosuguana, halafu fungua katikati ili mwanga na hewa vipite. Usivuke robo ya matawi kwa mwaka mmoja. Mti uliokatwa kupita kiasi huchipua fito ndefu zilizosimama wima, nyingi zisizozaa. Kata nje kidogo ya kile kivimbe kilicho pale tawi linapoungana na shina. Ukikiondoa, kidonda huchelewa kufunga; ukiacha kisiki kirefu, kinaoza. Tawi nene likate kwanza kwa chini, hadi theluthi ya unene wake, lisije likachuna gome linapoanguka.

Plamu na cheri ziache mpaka majira ya joto. Vidonda vya kupogoa wakati wa baridi huziingizia kuvu wa ugonjwa wa majani ya fedha, na huo hauna dawa ya kutegemewa.

Kwenye matuta ya mboga, tandaza mboji au samadi iliyooza vizuri, unene wa sentimita 5. Usikanyage udongo uliolowa: hushindiliwa na kukosa hewa. Chokaa isikutane na samadi mbichi, maana naitrojeni hupotea hewani. Tenganisha kwa wiki kadhaa.

Vitunguu saumu vipandwe kabla ardhi haijaganda, nafasi ya sentimita 15, ncha juu. Bila baridi ya kutosha vingi havigawanyiki punje.

Mipira ya maji imwage yote. Maji yakiganda ndani huipasua.