SOMO: Kupiga Windows 10 upya kwa kutumia DVD

Anayeruka hatua ya kwanza ndiye anayepoteza picha na kazi zake zote, kwa hiyo tuanzie hapo.

1. Okoa mafaili. Desktop, Documents na Downloads kwa kawaida zinakaa ndani ya C (sehemu ya diski yenye Windows), na C ndiyo itakayofutwa. Hamishia kila kitu kwenye flashi au diski ya nje, kisha fungua mafaili mawili matatu kwenye kompyuta nyingine uone kama yanafunguka. Pakua pia draiva ya Wi-Fi ya modeli yako mapema (programu ndogo inayoiwezesha Windows kutumia Wi-Fi). Bila hiyo unaweza kumaliza kazi ukakosa intaneti ya kuitafutia draiva yenyewe.

2. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, soma mstari wa "BIOS Mode". Ni UEFI au Legacy (njia mbili za kompyuta kuanza kuwaka, mpya na ya zamani)? Andika pembeni, utauhitaji.

3. Choma DVD. Angalia ukubwa wa faili la ISO (faili moja lenye nakala nzima ya diski ya Windows): likizidi GB 4.37 kwa hesabu ya Windows, DVD ya kawaida haitoshi, tafuta ya tabaka mbili (GB 8.5). Bofya faili kwa kitufe cha kulia, chagua "Burn disc image", weka tiki kwenye "Verify disc after burning". Wengi hukwama hapa kwa kulikopi faili la ISO lenyewe ndani ya DVD. Diski ya namna hiyo haiwashi kompyuta. DVD iliyochomwa vizuri ukiifungua utaona mafolda kama boot, efi na sources.

4. Laptopu ibaki kwenye chaji. Kama ni kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba), subiri saa ambazo umeme hausumbui. Ukikatika katikati utarudia tangu mwanzo.

5. Weka DVD, zima, washa, na papo hapo gonga kitufe cha menyu ya kuwashia mfululizo. Kwa Dell nyingi na Lenovo nyingi ni F12, HP ni Esc halafu F9. DVD inaweza kuonekana mara mbili, moja ikiwa na neno UEFI. Chagua inayolingana na ulichoandika hatua ya 2. Yakitokea maneno "Press any key to boot from CD or DVD", bonyeza kitufe chochote haraka, yanakaa sekunde chache tu.

6. Chagua lugha, kisha "Install now". Kama Windows 10 ilikuwa na leseni ya kidijitali kwenye mashine hiyo, bofya "I don't have a product key", uchague toleo lilelile, Home au Pro. Leseni itajiamsha yenyewe (activate) ikipata intaneti. Endelea na "Custom".

7. Patisheni, yaani sehemu ambazo diski imegawanywa. Tulia hapa. Zitambue kwa ukubwa, maana herufi C na D hazionyeshwi. Chagua ile ya Windows, bonyeza "Format", kisha "Next". Patisheni nyingine yenye mafaili yako, kama ipo, usiiguse.

8. Kompyuta ikijizima na kujiwasha, maneno ya "Press any key" yatarudi. Safari hii USIBONYEZE kitu. Ukibonyeza, usakinishaji unaanza upya.

MASWALI

Swali: Mkuu, naambiwa diski ni "GPT partition style", inakataa kuendelea.
Jibu: Umewasha DVD kwa Legacy. Rudi kwenye menyu, chagua ile yenye neno UEFI. Usikubali ushauri wa kufuta diski nzima kwa tatizo hili.

Swali: Windows haiwaki kabisa na kazi zangu ziko Desktop. Nifanyeje?
Jibu: Washa kwa DVD. Kwenye ukurasa wa lugha bonyeza Shift na F10, andika notepad, nenda File, Open, chagua "All Files". Hapo unaweza kukopi folda kwenda kwenye flashi. Herufi huwa zinabadilika, C yako inaweza kuonekana kama D. Diski ikiwa imefungwa kwa BitLocker (kufuli la siri la Windows), utahitaji ufunguo wake kwanza.

Swali: Inafika katikati inaleta 0x80070570.
Jibu: Kuna faili linashindwa kusomeka. Choma DVD nyingine kwa kasi ndogo, safisha lensi. Ikigoma tena, pima RAM, moja baada ya nyingine, kisha diski kuu.

Swali: Laptopu yangu haina sehemu ya DVD.
Jibu: Tumia kisomaji cha nje cha USB, au flashi ya GB 8 iliyoandaliwa kuwashia Windows. Hatua ya 5 kuendelea ni zilezile, ila kwenye menyu chagua USB.