Somo: Tangi la plaiwudi la lita 1,100 kwa matumbawe, hatua kwa hatua

Wengi mmeniuliza kwa nini nisinunue tu tangi la kioo kitupu. Sababu ni bei na uzito. Tangi la kioo la mita mbili na nusu linataka kioo kinene pande zote tano, na kulipitisha mlangoni ni kazi ya wanaume wanane. Plaiwudi inakatwa na seremala yeyote wa Gikomba, na kioo unanunua kimoja tu cha mbele. Tena mbao hutunza joto. Usiku wa Julai hapa Nairobi hushuka hadi nyuzi 12 au chini ya hapo, ilhali matumbawe yanataka 25 usiku na mchana.

Jambo moja mlishike tangu sasa: mbao hazizuii maji. Kazi yake ni kubeba msukumo. Anayezuia maji ni ngozi ya epoksi, risini inayoganda ngumu, iliyopakwa ndani, na ngozi hiyo ikiwa na kitundu kimoja cha sindano, tangi limekwenda. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye hatua ya nne.

Vipimo vya nje vya tangi langu ni urefu sentimita 240, upana 76, kimo 70. Maji yakifika kina cha sentimita 64, ni kama lita 1,100.

Hatua ya kwanza: mahali pake

Maji, mawe, mchanga, mbao na kioo vinafika tani moja na nusu. Weka chini, kwenye sakafu ya zege iliyo juu ya ardhi, mbali na dirisha linalopigwa na jua. Pima sakafu kwa pima maji. Tofauti ya milimita chache unaweza kuirekebisha kwenye meza ya kulibeba tangi, si zaidi.

Hatua ya pili: mbao

Utahitaji plaiwudi nne za milimita 18, futi nane kwa nne. Hadweani ukiomba "marine" mara nyingi utapewa zile zenye uso mweusi unaong'aa, za kumiminia zege. Usizichukue. Ule uso umetengenezwa ili zege isishike, na epoksi haitashika pia. Chagua plaiwudi ya gundi isiyoyeyuka majini, uso mtupu, kisha tazama ubavu wake: ukiona mianya nyeusi kati ya tabaka, irudishe.

Hatua ya tatu: kukata, kutoboa, kuunga

Ubao wa mbele unakatwa dirisha la sentimita 220 kwa 54, ili fremu ibaki na sentimita 10 kila upande na 8 juu na chini. Usilikate kwa pembe kali, zungusha kona. Kipande kinachotoka hapo usikitupe, kitakuwa mihimili ya juu.

Unga kwa gundi isiyoyeyuka majini na skrubu za chuma kisichoshika kutu, moja kila sentimita 12. Shaba ya aina yoyote ikae mbali na tangi hili, hata skrubu moja, kwa sababu huua matumbawe na konokono hata ikiwa kidogo sana. Juu zungusha fremu bapa ya upana wa sentimita 12, kisha weka mihimili miwili inayovuka kutoka mbele hadi nyuma. Msidhani ni urembo. Maji ya kina hicho yanausukuma uso wa mbele kwa nguvu ya karibu nusu tani, na bila mihimili hiyo ubao wa juu utapinda kama upinde.

Matundu yote ya mabomba yatobolewe sasa, kabla ya epoksi. Tangi langu la kwanza nilikwisha kulipaka likang'aa, ndipo nikakumbuka tundu la bomba la kurudisha maji. Nikalitoboa, nikafunga kiungo chake na mpira, nikaona kumekaza. Siku ya tisa niliona doa la rangi ya chai nyuma ya tangi, dogo kama sarafu ya shilingi kumi. Jioni lilikuwa kama kiganja. Maji yalikuwa yameingia kwenye ukingo mbichi wa lile tundu, yakitembea katikati ya tabaka za plaiwudi, na ubao wa nyuma wote ulivimba ukaachana. Matumbawe niliyookoa kwenye ndoo yalikuwa manne.

Hatua ya nne: epoksi

Hapa usikimbizwe na mtu. Tafuta epoksi ya sehemu mbili isiyo na kiyeyusho, ya kupakwa kwenye matangi ya maji ya kunywa. Pima kwa mizani kama alivyoandika mtengenezaji. Kuzidisha kigumisho ili ikauke haraka hakusaidii; utabaki na ngozi inayonata. Changanya kidogo kidogo, kwa sababu epoksi nyingi kwenye kikombe hujipasha moto yenyewe, hutoa moshi na kuganda mkononi mwako. Vaa glovu na barakoa, fungua milango.

Anza na pembe za ndani. Changanya epoksi na unga laini wa silika hadi iwe nzito kama siagi ya njugu, ijaze pembeni, kisha ilaze kwa mgongo wa kijiko ili pembe iwe ya mviringo. Kitambaa cha faibaglasi hakikubali kukunjwa kwenye pembe kali. Huinuka, na pale kilipoinuka pana hewa.

Juu ya pembe hizo laza vipande vya kitambaa vya upana wa sentimita 15, gramu 200 kwa mita ya mraba. Mafundi wanaounda bodi za magari watakuuzia ule mkeka wa nyuzi zilizokatwakatwa, na wao wana haki yao, ndio wanaoutumia. Lakini gundi inayoshikanisha nyuzi zake hutengenezwa iyeyuke kwenye risini ya poliesta, na epoksi haiiyeyushi. Omba kitambaa kilichofumwa. Kikilowa sawasawa huwa kama kioo, huoni weupe. Penye weupe, bonyeza kwa brashi mpaka upotee.

Kisha paka ndani kote, mikono minne, yaani tabaka nne. Mkono wa kwanza utanyonywa na mbao, usishangae. Kati ya mkono na mkono, pitisha kidole kilicholowa maji. Kikiteleza kama kwenye sabuni, huo ni utando wa nta ambao epoksi nyingi hutoa kwenye baridi na unyevu. Osha kwa maji ya vuguvugu na sifongo, kausha, piga msasa namba 120, ndipo upake tena. Ukiupuuza, mkono unaofuata utabanduka kama ganda la yai.

Baada ya mkono wa tatu, subiri giza, zima taa, umulike kurunzi ukiilaza karibu na ubao. Vitundu vitajionyesha vyenyewe: kila kimoja kina kivuli chake kidogo chenye ukingo unaong'aa. Mimi nilihesabu 31. Vizungushie alama kwa penseli, ziba kimoja kimoja kwa epoksi nzito, piga msasa, kisha mkono wa nne.

Iache ikauke wiki mbili; msimu wa baridi, tatu. Ukucha wa kidole gumba usiache alama.

Hatua ya tano: kioo

Kioo cha milimita 15, sentimita 228 kwa 60, ili kilale juu ya fremu kwa sentimita nne kulia na kushoto, na tatu juu na chini. Kina uzito wa kilo 50 hivi, kwa hiyo muwe watu watatu. Lilaze tangi kifudifudi, kwaruza fremu kwa msasa pale kioo kitakapokaa, ifute kwa spiriti, kisha mimina silikoni isiyo na dawa ya kuvu, ile yenye harufu kali ya siki, mistari miwili isiyokatika. Shusha kioo kutoka ndani. Tenga kwa vipande vya plastiki vya milimita tatu ili silikoni isikamuliwe yote. Kwa kuwa kioo kiko ndani, maji yenyewe yatakikandamiza kwenye fremu. Siku saba, usikiguse.

Hatua ya sita: jaribio

Jaza maji ya bomba tangi likiwa nje: theluthi moja siku ya kwanza, ya pili kesho yake, ya tatu keshokutwa. Weka magazeti makavu chini. Yaache wiki mbili, ukipima kwa kamba kama uso wa mbele umepinda.

Hatua ya saba: maji ya chumvi

Hapa tangi hili ni kama lingine lolote. Tangi na sampu, lile tangi dogo la kuchujia maji linalokaa chini yake, jumla lita 1,300, yatakula kama kilo 50 za chumvi ya bahari kufikia gramu 35 kwa kilo ya maji. Mawe makavu ya matumbawe ya kale, yale yanayochimbwa nchi kavu huko Kilifi kwa ujenzi, yanafaa ukiyaloweka na kubadilisha maji wiki kadhaa. Subiri wiki nne hadi sita mpaka amonia na nitraiti, ambazo ni sumu, zisome sufuri. Kalisi iwe miligramu 400 hadi 450 kwa lita.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Umoja: Mkubwa, naishi ghorofa ya tatu. Sakafu itashika?

Hapana, ndugu yangu. Sakafu za nyumba za kuishi kwa kawaida hupigiwa hesabu ya kilo 150 hivi kwa mita ya mraba. Hili linakanyaga kwa zaidi ya 800. Unda dogo, au muite mhandisi aione michoro ya jengo kwanza.

Mwanachama wa Ruiru: Kwetu tuna maji ya kisima cha kuchimbwa, masafi kabisa. Niyatumie?

Dada, usafi wa macho haupimi kitu hapa. Maji ya visima vya eneo letu mara nyingi yana floridi na madini mengi. Yapitishe kwenye chujio la osmosisi, na hata ya bomba uyapitishe, kwa ajili ya klorini.

Mwanachama wa Kasarani: Epoksi ni ghali. Nikipaka lami ya kuzuia maji ya paa?

Usifanye hivyo. Silikoni haishiki juu ya lami, na mafuta yake yataingia majini. Ukikosa fedha, subiri mwezi mwingine.

Mwanachama wa Donholm: Stima ikipotea usiku kucha je?

Tupo zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na maji hapa hushika oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko Mombasa. Kwa hiyo samaki wetu huzidiwa mapema. Pampu ya hewa ya betri iwe ya kwanza kununuliwa, kabla ya taa. Joto lisikutishe usiku mmoja, mbao zitalishika.

Mwanachama wa South C: Mjomba wangu yuko Watamu. Anaweza kunivunjia matumbawe?

Tafadhali, asivunje hata kijiti. Ile ni hifadhi ya bahari tangu 1968, kuchukua kitu humo ni kosa, na matumbawe magumu yako kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Zaidi ya sheria, miamba yetu ilipauka vibaya mwaka 1998 na mingi ikafa. Nunua vipande vilivyokuzwa kwenye matangi, vyenye karatasi zake. Anza na yale laini.

Mwanachama wa Lang'ata: Mlango wangu ni sentimita 80. Litapita?

Kwa upana wa 76 linapita likiwa wima, kidole kimoja kila upande. Lililo gumu ni kona ya korido, kwa urefu wa 240. Gongomea fremu nyepesi ya vijiti yenye vipimo hivyohivyo, uipitishe kuanzia getini hadi sebuleni kabla hujanunua plaiwudi hata moja.