Kuhama Mombasa kwenda Nakuru kwa gari, na watoto watatu kiti cha nyuma

Mume wangu alipohamishwa kikazi kwenda Nakuru, majirani wa Kisauni walinipa ushauri wa lori mpaka nikachoka: lori la nani, bei gani, hamali wangapi. Wa watoto hakuna aliyenipa. Na vyombo havitapiki, havigombani, wala haviombi kukojoa mkiwa hata Mariakani hamjafika. Kwa hivyo haya ni ya mzazi mwenye wadogo garini. Wangu mkubwa alikuwa darasa la pili, wa kati chekechea, na kitinda mimba bado ananyonya.

Lori nilimalize haraka. Malori mengi yanayoshusha viazi na kabeji soko la Kongowea hurudi bara matupu au na mzigo mdogo, na dereva anayerudi upande huo husikiliza bei kuliko lori la kukodi. Lifagie, ulitandike turubai, maana mchanga wa viazi huingia mpaka ndani ya godoro. Andikianeni: bei, nani analipa wapakuaji, likiharibika njiani gharama ni ya nani. Piga picha ya nambari ya gari na kitambulisho cha dereva. Lipa nusu, nusu nyingine mzigo ukishashuka. Na apande mtu wenu mbele na dereva. Kwetu alipanda shemeji yangu.

Hata ukifanya yote hayo, panga kana kwamba lori litachelewa. Letu liliahidiwa asubuhi likafika kesho yake jioni, mara mizani, mara tairi. Hatukuhangaika, kwa sababu kila tulichohitaji usiku ule tulikuwa nacho kwenye gari dogo.

Beseni la usiku wa kwanza

Chukua beseni kubwa la kufulia, lile la kuogeshea watoto. Chini kabisa weka mashuka na blanketi mbili nyembamba. Juu yake jagi la umeme la kuchemshia maji, vikombe vya plastiki, majani ya chai, sukari na maziwa ya unga. Kisha sabuni, taulo moja ya wote, karatasi za chooni, tochi, kufuli mpya, na balbu. Nasema balbu kwa sababu mpangaji anayetoka huzifungua akaenda nazo, na nyumba isiyo na taa saa mbili usiku, na watoto wageni wa nyumba, ni kilio. Muulize mwenye nyumba nambari ya mita mapema, ununue tokeni za stima kwa simu kabla hamjaondoka Mombasa. Magodoro mawili ya sponji yakunjwe, yafungwe kamba, yakae juu ya gari. Beseni lenyewe likifika linakuwa la kuogea.

Mtungi wa gesi, hata ule mdogo, usiingie kwenye gari la watoto. Uende na lori, ufungwe vizuri, umesimama wima. Mbuzi ya kukunia nazi pia iende na lori, jino lake limezungushiwa kitambaa na kufungwa uzi. Mimi nilibeba nazi zisizofuliwa nusu gunia, mume wangu akanicheka. Bei ya nazi Nakuru ilimnyamazisha.

Karatasi hazipandi lori kamwe. Vyeti vya kuzaliwa, barua ya uhamisho ya shule, kitabu cha kliniki cha mtoto, dawa: mkobani kwako, begani. Ukiwa na mtoto mchanga, pita kliniki kabla ya kuondoka uulize chanjo inayofuata ni lini. Ya surua hutolewa miezi 9 na tena miezi 18, na pilikapilika za kuhama ndizo husahaulisha mtu.

Sweta ni jambo la Kongowea pia, upande wa mitumba. Watoto wa Mombasa hawana sweta, wana fulana. Nunua mapema, kila mmoja na soksi mbili, uziweke kwenye mfuko unaoufikia kwa mkono ukiwa umekaa. Utazihitaji kabla lori halijafika.

Siku ya mwisho nyumbani

Pakieni lori mchana, na usiku laleni kwa nyanya yao. Nyumba tupu ina mwangwi, watoto hawalali. Na wakati hamali wanabeba, mtu awatoe watoto. Wa kati wangu alimwona hamali anaondoka na kabati lake akamshika suruali. Baada ya hapo tukawapeleka Lighthouse kula mihogo ya pilipili na ndimu, wakaiaga bahari, wakarudi wamechoka.

Kila mtoto awe na kijibegi chake ambacho hakipandi lori, achague mwenyewe cha kuweka. Usibishane. Mkubwa wangu aliweka makombe ya pwani na rimoti ya televisheni.

Kupanga gari

Kutoka Mombasa mpaka Nairobi ni karibu kilomita 480, halafu Nakuru karibu 160 nyingine. Kuna watu huziunga zote kwa siku moja. Na wadogo watatu, zigaweni mara mbili, mlale Nairobi kwa ndugu. Kama hamna ndugu, tafuteni nyumba ya wageni huku Athi River kabla ya msongamano wa jiji.

Kila mtoto na mkanda wake, mchanga kwenye kiti chake cha gari. Hakuna kumpakata mbele, hata akilia vipi. Akitaka kunyonya, gari lisimame. Na asikae kwenye kile kiti zaidi ya saa mbili mfululizo, mtoeni ajinyooshe. Hesabu ya vituo ianzie hapo.

Msijaze vitu mpaka kioo cha nyuma kisionekane, na chochote kigumu kikae chini ya viti au kwenye buti, kwa sababu breki ya ghafla hurusha hata birika. Hakikisheni tairi la akiba na jeki havijafukiwa chini ya mizigo.

Jua nalo lina upande. Mnaenda kaskazini-magharibi, kwa hivyo asubuhi linapiga upande wa dereva kutokea nyuma, na baada ya adhuhuri linahamia kushoto kwa mbele. Mchanga tulimweka kushoto asubuhi, tulipotoka kituo cha mchana tukamhamisha. Leso iliyobanwa juu ya kioo inatosha kuwa pazia.

Chakula cha njiani kiwe kikavu. Mahamri bila mbaazi, mkate wa sinia, ndizi, njugu kwa wakubwa tu. Viazi karai ni vitamu lakini mafuta yake na kona za njiani haviwezani na tumbo la mtoto. Mabuyu marufuku. Ile rangi haitoki kwenye viti, haitoki kwenye nguo, na shangazi yao aliyewapa pakiti ya kuagia bado nina neno naye.

Kutapika kutakuwepo, jiandae tu. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku 2017 hakuna tena kile kijifuko cha kumpa mtoto haraka. Tumia makopo ya aiskrimu yenye mifuniko. Tandika gazeti chini, weka moja mbele ya kila anayejua kukaa, likitumika lifunike, ulimwage kituo kinachofuata. Anayeanza kukaa kimya na kumeza mate mfululizo ndiye. Fungua kioo, mwambie atazame mbele mbali, mnyang'anye simu. Simu na vitabu vya picha ndivyo vinavyowatapisha kuliko kona. Usimpe maziwa wala soda, mpe maji kidogo kidogo na kipande cha tangawizi kama anakiweza. Mkubwa alikitema dirishani.

Barabarani

Tokeni mkishaswali alfajiri, saa kumi na moja na nusu gari liwe linatembea. Watoto wabebwe na nguo za kulalia, watalala tena mpaka Samburu, na nyinyi mtakuwa mmeishapita Changamwe na Miritini kabla malori ya bandarini hayajaziba njia.

Kituo cha kwanza ni Mackinnon Road, kwenye msikiti wa Sayyid Baghali Shah kando ya reli. Wasafiri wengi husimama hapo, wengine kwa dua na sadaka, wengine kunyoosha miguu tu. Vaeni kwa heshima. Hapo ndipo wabadilishwe nguo wale mahamri.

Cha pili Voi. Hapo kila mtu aende chooni, anayetaka na asiyetaka, kwa sababu kutoka Voi mpaka Mtito Andei ni karibu kilomita 100 na sehemu kubwa ni mbuga ya Tsavo pande zote mbili. Msimshushe mtoto vichakani eti anakojoa mara moja. Poti ya plastiki ikae juu kabisa ya mizigo ya buti. Ikibidi, gari lisimame mahali pa wazi, mtoto akae poti mlangoni pa gari, mtu mzima amsimamie. Nyani wa huko wanajua ndizi ziko wapi. Vioo juu, na msiwarushie chochote.

Kipande hicho kirefu ndicho cha mchezo. Atakayeona ndovu wa kwanza anachagua wimbo. Waambie watafute ndovu mwekundu, maana wa Tsavo hujipaka udongo wa huko. Reli ya SGR iko pembeni imeinuliwa, na chini yake kuna mapito ya wanyama, wahesabu. Waambie pia kwamba chemchemi za Mzima, ambazo hupelekea Mombasa maji kwa bomba, ziko upande wa kushoto ndani ya Tsavo West, kwa hivyo maji waliyooga jana huenda yametoka huku. Mkubwa alibaki anaangalia kichaka baada ya kichaka akitafuta mfereji.

Kisa cha simba waliokula wajenzi wa reli mwaka 1898 pale mto Tsavo ni cha kweli, na simba wenyewe, waliokaushwa, wako makumbusho ya Chicago. Kihifadhi mpaka mmefika. Baba yao alikisimulia darajani penyewe, na kutoka hapo mpaka Mtito Andei, mtoto wa kati alikataa kushuka kokote.

Mtito Andei ni kama katikati ya Mombasa na Nairobi. Jazeni mafuta, angalieni tairi. Adhuhuri na alasiri msafiri anapunguza na kujumuisha, kwa hivyo kusimama kumoja kwa swala kunatosha mpaka magharibi. Ila msiwape watoto chakula cha mchana hapa. Vumilieni mpaka Makindu, kwenye hekalu la Masingasinga lililojengwa 1926. Msafiri yeyote hukaribishwa chakula bure: dengu, wali, chapati, hakuna nyama, kwa hivyo sisi Waislamu hatuna cha kuuliza. Mnavua viatu, mnafunika vichwa, wavulana pia, mnakula mlichojipakulia mkakimaliza. Kuna uwanja wa watoto kukimbia na vyoo safi. Acheni sadaka. Kaeni saa nzima, msiharakishe, kwa sababu kuanzia Salama malori yanajipanga na mwendo unakuwa wa kubembeleza.

Kama siku ya pili mnapita ile barabara ya juu ya kulipia, iliyofunguliwa 2022, kuanzia Mlolongo mpaka Westlands, kojozeni watoto kabla ya kupanda. Hakuna pa kusimama juu kule.

Siku ya pili ni masikio na baridi

Nairobi hadi Nakuru ni fupi lakini ina mpando na mteremko. Limuru ni juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na mtoto aliyezaliwa Kisauni hajui kinachomziba masikio. Atalia bila kusema kwa nini. Wakubwa wape peremende ya kunyonya au maji ya kumeza mara kwa mara, hasa mnapoteremka kuelekea Naivasha. Kwa mchanga simamisha gari kabla ya mteremko, umnyonyeshe kidogo, kisha umpe chupa au nyonyo ya kufyonza kwenye kiti chake. Mtoto mwenye mafua mazito atapata taabu zaidi. Kama mnaweza kuahirisha siku mbili tatu, ahirisheni.

Sweta zivaliwe kabla hamjatoka kusimama kutazama Bonde la Ufa, msingoje mtoto aanze kutetemeka.

Mkifika

Wakubwa mtataka kuzunguka nyumba mkipanga sofa itakaa wapi. Kwanza fungeni balbu, tandikeni magodoro chumba kimoja, wote, chemsheni maji, waogesheni kwenye beseni. Wazungusheni nyumba taa zikiwa zinawaka, wakionyeshwa choo na njia ya kukiendea kutoka kitandani, ili usiku asikojoe mlangoni. Kama ni ghorofa, angalieni vyuma vya veranda na ngazi kabla ya mtoto kuachiwa. Chakula cha jioni nunueni kibandani.

Lori likija, shusheni vitanda kwanza, kisha katoni za jikoni, na maboksi mengine yakae ukutani hata wiki. Friji iliyosafiri ikilala pembeni isimamisheni wima, muiache saa kadhaa kabla ya kuichomeka. Sisi tuliichomeka kesho yake asubuhi.