SOMO: Bonde la Jerte, Hispania (soma lote kabla ya kuuliza)

Kila ikifika Februari meseji zinajaa swali lilelile: "Maua ya cheri ya Jerte yanatoka tarehe ngapi?" Naandika hapa mara moja. Atakayeuliza tena nitambandikia uzi huu.

Jerte ni mto, na bonde lake liko kaskazini mwa jimbo la Cáceres, huko Extremadura, magharibi mwa Hispania. Barabara ya N-110 inatoka Plasencia, inaambatana na mto hadi mlango wa mlima wa Tornavacas, karibu mita 1,275 juu ya usawa wa bahari. Navaconcejo, Cabezuela del Valle, Jerte na Tornavacas viko kwenye barabara hiyo. El Torno, Valdastillas na Piornal viko juu mlimani, na ndivyo watu wengi huviruka.

1. Viza: Schengen. Ulizeni ubalozini, si kwangu.

2. Madrid hadi Plasencia: treni au basi.

3. Plasencia kuingia bondeni: kodi gari. Mabasi ya vijijini yapo ila ni machache. Beba leseni pamoja na kibali cha kimataifa, na kumbuka huko wanaendesha upande wa kulia.

4. Tarehe. Hapa ndipo pesa yangu ilipopotelea. Nilikata tiketi isiyorudishwa kwa kuamini tarehe ya mtandaoni, nikakuta matawi matupu bonde zima. Kwa kawaida maua hutoka kati ya nusu ya pili ya Machi na mwanzo wa Aprili, lakini hakuna wa kukuahidi siku. Mcheri unataka ushibe baridi kwanza, kisha upate joto, ndipo ufungue maua. Baridi ikigoma kuondoka, nayo yanachelewa. Yakishatoka hayakai sana, na usiku mmoja wa mvua na upepo unaweza kuyamaliza.

Kitakachokuokoa ni mwinuko. Maua huanza mashamba ya chini na kupanda mlima kadiri joto linavyopanda. Piornal, mita 1,175, hufunga kazi. Ukikuta yamepukutika Navaconcejo, washa gari upande juu. Ukikuta Piornal bado, shuka. Kwa hiyo msiniulize tarehe, ulizeni yamefika kijiji gani.

TAHADHARI: tiketi iwe ya kubadilika. Epuka Jumamosi na Jumapili za maua, maana N-110 inajaa magari mpaka unatamani kushuka utembee. Na USIINGIE shambani kupiga picha. Yale matuta yenye kuta za mawe, yaliyopangana kama ya Machakos, kila moja lina mwenyewe.

5. Kutembea: Garganta de los Infiernos, hifadhi iliyo kati ya Cabezuela na Jerte. Kutoka kituo cha wageni hadi Los Pilones ni kama kilomita 3 kwenda. Maji yamezungusha kokoto kwenye mwamba miaka na miaka mpaka yakachimba mabeseni ya mviringo. Watu huogelea wakati wa kiangazi. Maji ni ya baridi hata Agosti, na mwamba uliolowa unateleza.

6. Kula: chakula cha mchana ni saa nane hadi saa kumi. Ukichelewa, jiko limefungwa.

MASWALI

Mgosi_Tanga: Mkuu uzi umetulia. Sasa mwaka huu maua tarehe ngapi?
— Hatua ya 4.

Baba_Junior: Jumla inagharimu shilingi ngapi?
— Unatoka wapi, mko wangapi, mnakaa siku ngapi? Lete hayo kwanza.

BintiMuscat: Assalam aleikum dada. Sisi hatuli nguruwe, huko tutaishi?
— Waaleikum salaam, mpenzi. Mtaishi, ila kwa kuuliza. Sema "no como cerdo" kabla ya kuagiza. Migas ni mkate uliokaangwa, inaonekana haina neno, lakini mara nyingi ina mafuta na vipande vya nguruwe. Samaki wa mtoni, trucha, yupo. Uliza kama hajawekewa jamón, yaani paja la nguruwe lililokaushwa. Zorongollo ni pilipili hoho za kuchoma na mafuta ya zeituni. Nyama ya halali msitegemee vijijini, pangeni nyumba yenye jiko.

Mzee_wa_Ruvu: Kwani Lushoto hakuna milima? Mpaka Ulaya kuangalia maua!
— Lushoto nenda, pazuri sana. Uzi huu ni wa Jerte.

Neema_M: Likizo yangu ni Juni, nimekosa kila kitu?
— Hata kidogo, wewe ndiye utakayekula! Kuvuna huanza kama Mei na kuendelea hadi Julai. Tafuta picota, aina ya cheri ya huko: hii huachana na kikonyo chake mtini wakati wa kuchumwa, kwa hiyo huuzwa bila kikonyo. Ukiona haina usidhani ni mabaki. Nunua kwa wakulima wenyewe. Na Novemba ukipenda, misitu ya mialoni na michestinati inageuka rangi, wageni wachache.

Neema_M: Na kwa miguu safari ndefu ipo?
— Ipo ya Carlos V. Mfalme huyo alivuka milima toka Tornavacas hadi Jarandilla Novemba 1556, akiwa amebebwa kwa sababu ya gauti, akienda kustaafu kwenye monasteri ya Yuste. Ni zaidi ya kilomita 25 na hakuna wa kukubeba. Panga usafiri wa kurudi kabla ya kuanza. Ukifika upande wa pili ni La Vera, nunua pimentón, pilipili iliyokaushwa kwa moshi wa mwaloni. Pilau itakushukuru.

Kapteni_Lamu: Msisahau sherehe ya Jarramplas, kijijini Piornal, Januari 19 na 20. Mtu anavaa kinyago na vitambaa vya rangi, anapiga ngoma, kijiji kizima kinamtupia tanipu.
— Kweli kabisa, asante.

Mgosi_Tanga: Haumii?
— Ndani ana kinga ngumu, na wanaotaka kuvaa husubiri zamu miaka mingi. Asiye na kinga ni wewe mtazamaji. Simama nyuma ya wanaotupa, si mbele yao.