Namna ya kusoma msimu wa wageni kabla ya kupanga bei

Nina vyumba vitatu vya kukodisha Jambiani, pwani ya Unguja, na daftari. Anza na daftari. Kila mgeni andika katoka nchi gani, kaweka nafasi lini, kafika lini. Ule muda baina ya tarehe hizo mbili ndio unaokwambia bei. Ukiona Wataliani wanashika vyumba vya Agosti tangu Aprili, usipunguze hata shilingi.

Kisha tazama wenzetu wa mbali. Jamaika na Barbados msimu wao mkubwa ni katikati ya Disemba hadi Aprili, Wazungu wakikimbia baridi. Miezi hiyo tunagombania mgeni mmoja, kwa hiyo mjibu haraka, siku hiyo hiyo. Lakini Juni hadi Novemba ni miezi ya vimbunga huko Karibi, na kwetu Julai na Agosti ni kipupwe, hewa tamu. Bei ya juu iweke hapo.

Masika usihangaike nayo. Mwaka mmoja nilikata bei nusu nzima. Akaja mtu mmoja tu, na makuti yakamvujia kitandani usiku kucha. Asubuhi nilimrejeshea pesa zake. Sasa Aprili nafunga, naezeka.